Joto Halimezwi

Mkurugenzi Bashange alinisogezea fomu huku akijifunga skafu. Ilikuwa Oktoba, saa nne asubuhi, katikati ya nchi kame, na mtu mzima amejiviringisha sufu shingoni ofisini kwake. Jiji letu la Kivulini ndivyo lilivyo. Nyuzi kumi na tisa mwaka mzima, ndani ya nyumba na barabarani, chini ya paa la kioo lililofunika kila mtaa. Anayelalamika ni yule aliyesahau sweta.

"Saini hapo chini tu, Fundi Nyamizi. Wenzako wote wameshaweka."

Nilisoma kwanza. Kilikuwa cheti cha usalama cha Awamu ya Pili, mradi wa kuongeza ubaridi mara mbili ili mitaa mipya ya magharibi nayo iingie chini ya paa. Mstari wa saba ulisema hivi: Joto lote litakalokusanywa litamezwa na Mmezaji bila kubakiza chochote.

"Litamezwa na nani?"

"Na Mmezaji. Wewe ndiye fundi mkuu wake miaka kumi na miwili, leo humjui?"

"Namjua, Mkurugenzi. Ni kompresa thelathini na sita na mabomba. Tumbo lake ndilo sijawahi kuliona."

Hakucheka. Mimi pia sikuwa natania sana.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi friji. Mteja akileta friji akasema inagandisha vizuri, baba hakufungua mlango. Aliizungusha akaweka kiganja mgongoni. Joto linalotolewa kwenye nyama na maziwa lazima litokee mahali, na kwenye friji linatokea nyuma, pamoja na joto la kazi ya kulisukuma. Mgongo ukiwa baridi, hakuna kinachofanyika humo, hata taa iwake namna gani. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma.

Lakini kwenye Mamlaka ya Hewa ya Kivulini tuligawanywa. Kikosi cha Ndani kinashughulika na ubaridi, Kikosi cha Nje kinashughulika na bomba linalotoka mjini, na mpaka wa kazi yetu sote ni lango la tisa. Maji ya moto yakipita pale, mita inaandika neno moja: LIMEMEZWA. Nasikia mwaka wa kwanza kuna mtu alihitaji neno fupi la kujaza skrini, akaweka hilo. Likapendeza. Likaingia kwenye matangazo, kisha kwenye vitabu vya darasa la sita, na watoto waliosoma vitabu hivyo wakakua, wakasomea uhandisi, wakaja kuajiriwa kwetu wakiwa na neno lao kichwani. Wenzangu wote waliosaini ni hao. Si waongo. Tuliwadanganya wadogo, sasa wanatudanganya wakubwa.

"Nipe siku moja," nikasema. "Nikauone mgongo."

Bashange alikunja uso. "Una mpaka Alhamisi. Na Nyamizi, usiniharibie."

*

Nilichukua pikipiki nikafuata bomba. Kilomita kumi na nane baadaye nilifika lango la tisa, ukingoni mwa bonde. Kuna kibanda cha zege, gurudumu la chuma la kufungia maji, kufuli kubwa, na ile mita. LIMEMEZWA, iliandika. LIMEMEZWA. Hatua tatu nyuma ya kibanda, bomba lilikuwa linaendelea na safari yake kuteremka bondeni. Niliweka kiganja juu yake nikakitoa upesi.

Huko chini ni Magadini, kijiji cha wavuna chumvi. Wanaingiza maji ya chumvi kwenye madimbwi mapana, jua linakausha, wanakwangua. Maji yetu ya moto yalikuwa yanamwagwa katikati ya madimbwi hayo, na bonde zima lilikuwa linafuka. Nilipofika sikuona mtu. Saa tano ya mchana, watu elfu moja na mia nne, na hakuna hata mmoja juu ya ardhi.

"Huku chini!" sauti ikaniita. "Ingia, utaungua huko!"

Lilikuwa shimo la kimo cha mtu, limefunikwa kwa mikeka. Kila nyumba ilikuwa na lake. Ndani alikaa mama wa miaka sitini hivi, miguu ndani ya beseni la maji. Watu walimwita Mama Ndahani, ndiye msimamizi wa madimbwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa mjini wewe."

"Umejuaje?"

"Sweta hilo."

Nilikuwa nimelifunga kiunoni. Nikalifungua nikalikalia.

Alinisimulia bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. "Maji haya yalipoanza kuja tulichinja mbuzi. Chumvi iliyokuwa inakauka siku tisa ikawa siku mbili. Tukasema Mungu katukumbuka. Mwaka wa nne visima vikawa vuguvugu. Sasa tunafanya kazi mpaka saa tatu, tunaingia mashimoni, tunatoka saa kumi na moja jioni." Alitoa mguu mmoja kwenye beseni akautazama. "Mwezi uliopita baba Ndahani alichelewa kuingia. Alikuwa anamalizia dimbwi moja tu. Hakuumwa. Alikaa chini akasema joto limeingia ndani halitaki kutoka. Basi."

Nilitoa kipimajoto, nikafunga kitambaa chenye maji kwenye ncha yake, nikakizungusha hewani kwa kamba. Ndiyo njia ya kujua hewa inaweza kupokea jasho kiasi gani. Hewa ikiwa kavu, maji yanakauka na kipimo kinashuka mbali. Hewa ikishashiba mvuke, kitambaa kinabaki na joto lake. Kilisimama kwenye thelathini na tatu.

Mwili wa mtu nao ni mtambo. Unakula, unafanya kazi, unazalisha joto, na lazima ulitupe nje kila dakika, usiku na mchana. Joto linatoka penye moto kwenda penye baridi, halina njia nyingine, na jasho ndilo mlango wake. Kitambaa kikifika thelathini na tano, mlango umefungwa. Hata kijana mwenye afya, uchi, kivulini, na maji ya kunywa pembeni, atakufa ndani ya saa chache kwa joto lake mwenyewe. Nilipiga hesabu ya Awamu ya Pili juu ya goti langu. Nikairudia. Ilikuja thelathini na sita.

"Hilo joto ni la nani?" Mama Ndahani akauliza.

"Letu."

"Mlikuwa mnajua?"

Ningeweza kumwambia habari za vitabu vya darasa la sita. "Wengine hapana. Mimi nilijua kwamba linatoka. Sikutaka kujua linakofika."

Alinitazama. Nilitamani anitukane, angalau tungekuwa tumeanza mahali.

"Basi, mwanangu," akasema, "si mlirudishe."

*

Saa tisa nilikuwa mbele ya meza ya Bashange, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi sikusomea kwenye vitabu vile, Nyamizi. Nina umri wako. Joto haliwezi kumezwa, linahamishwa tu, na kulihamisha kunaongeza joto jingine. Tukitoa mafungu kumi hapa, kule yanafika kumi na matatu. Hiyo ni kanuni ya pili ya themodinamiki. Sikuitunga mimi, na hakuna bunge la kuifuta. Unataka nifanyeje? Lazima liende mahali."

"Lazima liende mahali. Kanuni haikusema liende kwa Mama Ndahani."

Akasimama, akazunguka dirishani. Alianza kuniambia habari za vijana wake wanaotafuta namna ya kugeuza joto la bondeni kuwa umeme. Nikamkatiza.

"Mkurugenzi, chukua kikombe cha mtama na kikombe cha mchele, mimina kwenye ungo mmoja, utikise. Utikise mwaka mzima. Vitarudi kila kimoja upande wake?"

"Usinifundishe entropi kwa ungo."

"Havirudi. Hakuna punje iliyopotea, zote zimo, ila zimechanganyika. Ukitaka kuzitenganisha, mtu lazima akae chini achambue, na huyo mtu atatoka jasho. Joto la bonde ndivyo lilivyo. Nishati yote imo, lakini imetawanyika kwenye maji vuguvugu na hewa vuguvugu, hakuna penye moto sana wala baridi sana, na bila tofauti hiyo hupati kazi ya maana. Vijana wako watapata umeme wa kuwasha balbu kumi. Na mchambuaji unayemtegemea ni yule mama, mwilini mwake."

Bashange akaongea taratibu, kama mtu anayeweka kisu mezani bila kukuelekezea.

"Kuna njia nyingine, unaifahamu. Mapezi ya juu ya paa, yale mabati ya kutolea joto. Tukifunga lango la tisa, mitambo itatupa joto pale pale juu yetu, kwenye hewa ya nyuzi thelathini na nane. Kusukuma joto kwenye hewa ya moto namna hiyo ni kazi ngumu, kompresa zitahema, na jiji litafika ishirini na tisa. Jiji zima. Mzunguko wa ubaridi ni mmoja, hospitali haina tawi lake."

"Nimeomba tawi hilo mara mbili."

"Nami nimelikataa mara mbili. Mama yako yuko wodi ya tatu, sivyo? Moyo. Daktari alisema wodi isizidi ishirini na mbili." Akanisogezea kalamu. "Saini, Nyamizi."

Nilishika ile kalamu, na ninataka ijulikane kwamba niliishika. Halafu nikaiweka chini nikatoka.

*

Mama yangu, Kalunde, alifundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini na tatu. Ukimweleza jambo anataka hatua zote, usiruke. Nilimweleza zote, pembeni ya kitanda chake, yeye amejifunika blanketi mbili. Nilimwambia nisiposaini atasaini mwingine, na Alhamisi Awamu ya Pili itawashwa kabla tawi la hospitali, kazi ya siku nne, halijakamilika. Nikifunga lango kesho, hizo siku nne wodi itakuwa ishirini na tisa.

"Moyo wangu utaweza?" akauliza.

"Daktari anasema labda."

"Kule chini wana labda?"

"Ikiwashwa Awamu ya Pili, hapana. Hawana."

Alivuta pumzi zile zake fupi. "Sasa Nyamizi, umekuja kuniuliza au umekuja nikukataze?"

Nilikuwa nimekuja anikataze. Nina miaka arobaini na mitatu na nilitaka mama yangu aniambie mwanangu usithubutu, ili nirudi ofisini nikasaini nikiwa na mtu wa kumsingizia.

"Nimefundisha watoto wa watu, wengi tu," akasema. "Sijawahi kumpa mtoto mmoja hewa ya mwenzake. Nenda, unanizibia mwanga."

*

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, nilisimama lango la tisa. Nilikuwa nimemtumia Mama Ndahani ujumbe usiku, naye alikuwa amepanda kutoka bondeni na wanawake watano, kabla joto halijawa kali. Tulilishika gurudumu pamoja, lilikuwa zito, limekaa miaka bila kuguswa. Lilipofika mwisho, bomba lilinguruma chini ya miguu yetu, kisha likanyamaza. Mita ikasita. Halafu skrini ikawa tupu. Kumbe hakuna aliyewahi kuiwekea neno jingine.

Nilifunga kufuli. Limezama ndani ya shina la lango, kulikata haiwezekani bila kumwaga maji ya bomba zima, kazi ya juma zima. Ufunguo ni mmoja, nao hukaa kwa fundi mkuu. Nilimpa Mama Ndahani.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nina mgonjwa huko." Nilimweleza habari za mama. Uso wake ulibadilika, akaniangalia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuniona. "Leo au kesho huenda nikaja mbio hapa kukuomba ufungue," nikasema. "Nitalia. Nitapiga magoti. Usinipe."

"Hata ukiniapiza?"

"Hata nikikuapiza."

Aliutia ule ufunguo ndani ya pindo la khanga yake, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

*

Kufikia saa saba Kivulini ilikuwa ishirini na nane. Watu walitoka barabarani wakiwa na masweta mikononi, hawajui wayaweke wapi. Walitazama juu kwenye paa la kioo, ambako mapezi yalikuwa yanatetemesha hewa, na wengi hawakuwa wamewahi kujua yapo. Redio ya Mamlaka ilitangaza hitilafu. Mtangazaji alikuwa na sauti ya mtu anayejipangusa shingo.

Sikwenda kujificha. Nilikwenda na mafundi wangu wanne hospitalini, tukaanza kuchimba njia ya tawi. Nilifanya kazi mpaka muuguzi aliponiita.

Mama alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Blanketi zilikuwa chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na kila pumzi ilikuwa inatafutwa. Ishirini na tisa, kilisema kipimo cha ukutani. Muuguzi alimlowesha kwa kitambaa, akaniambia hewa yetu angalau ni kavu, jasho linakauka, anahitaji kupepewa tu, apepewe bila kuachwa. Umeme wote ulikuwa umekwenda kwenye kompresa. Nilichukua bahasha kubwa ya picha zake za eksirei, nikaanza kupepea.

Nilipepea saa nzima. Mkono ukafa ganzi, nikabadilisha. Na katika saa hiyo nilijuta, sitaki kujifanya shujaa. Nilijuta kila pumzi yake. Nilimwona Mama Ndahani na lile fundo la khanga, nikamchukia, mwanamke aliyenipa kivuli cha shimo lake. Kama ufunguo ungekuwa mfukoni mwangu ningekwenda.

Bashange aliingia na askari wawili. Skafu hakuwa nayo. Shati lilikuwa limemganda kifuani.

"Ufunguo," akasema.

"Sina. Uko Magadini."

"Umempa nani?"

"Mwenye bonde. Shuka ukamwombe. Anakaa shimoni mpaka saa kumi na moja, ukifika ingia ndani, usisimame juu."

Askari walitazamana. Bashange alimgeukia mama, na nadhani hapo ndipo alipomwona, kwa sababu sauti ilimshuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama alipumua mara tatu ndipo akaendelea. "Wewe ndiye... wa hewa?"

"Ndiyo, mama. Mama, binti yako anakuua. Mwambie. Neno moja tu, nitapeleka gari sasa hivi, jioni hii wodi itakuwa baridi."

"Na hilo joto langu... utampa nani?"

Alifungua mdomo. Namjua Bashange, ana majibu. Ana takwimu za bonde, ana mipango ya kuwahamisha watu, ana vijana na umeme wao. Sikusikia hata moja. Alisimama pale akimtazama mwanamke mwenye midomo ya majivu, aliyekuwa anasubiri kutajiwa jina.

"Huna," mama akasema. "Basi kaa. Binti yangu amechoka."

Akainyooshea kidole ile bahasha.

Wodi nzima ilikuwa inatazama. Wagonjwa kumi na mmoja, na ndugu zao, kila ndugu na kipande chake cha boksi au gazeti mkononi. Ningemwona Bashange akigeuka kutoka nisingeshangaa. Alivuta kiti. Nilimpa bahasha, nikatikisa vidole vyangu vilivyokuwa havina hisia.

Alianza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Muuguzi akamwelekeza apepee polepole, kwa mkono mzima. Akashika mwendo. Baada ya dakika kumi, nywele za mama kwenye paji zilikuwa zimekauka. Jasho lilikuwa linamtoka Bashange kwenye masikio, kwenye kidevu, linadondoka juu ya suruali yake nzuri, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Tawi la hospitali," aliniuliza bila kugeuka. "Siku ngapi?"

"Nne. Mbili, ukinipa Kikosi cha Nje."

"Wachukue."

Askari mmoja alitoka kwenda kuwaita. Nilichukua sululu yangu mlangoni. Mama alikuwa amefumba macho, pumzi bado fupi, lakini sasa zinafuatana.

"Mama," Bashange akasema kwa sauti ndogo, akibadilisha mkono, "imetosha?"

"Bado," mama akasema.